Mjamzito Asiyebakiza Hata Maji: Maswali Tunayoulizwa Kliniki, Kigoma

Kichefuchefu cha kawaida cha ujauzito ni kipi?
Ni kile kinachoanza mnamo wiki ya 4 hadi ya 7, kikazidi karibu na wiki ya 9, kisha kwa walio wengi kikaisha kabla ya wiki ya 20. Mama hutapika, lakini kuna chakula kinachobaki tumboni na anakojoa vizuri.

Na kilichopita kiasi?
Mama hatapiki tu, anaisha. Habakizi hata maji, mkojo unakuwa haba na mweusi, na uzito unashuka kwa zaidi ya asilimia 5 ya ule aliokuwa nao kabla ya mimba, yaani zaidi ya kilo 3 kwa mwenye kilo 60. Si kudeka, wala si mimba kumchukia mume.

Bakteria wa tumbo anahusikaje?
Helicobacter pylori hukaa kwenye ute wa ukuta wa tumbo na ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Mwaka 1984 Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa bakteria hawa kwa makusudi, na baada ya siku chache akaanza kutapika. Kwa wajawazito wanaotapika kupita kiasi huonekana mara nyingi zaidi, ingawa wengi walio naye hawatapiki, na homoni za mimba zina sehemu yake kubwa.

Si itapita yenyewe mwezi wa 4 wa mimba?
Hapana. Tulimpokea mama wa wiki 11 aliyeletwa kwa boti kutoka mwambao wa kusini; kadi yake ya kliniki ilionyesha kilo 58 hudhurio la kwanza, na mizani yetu ikasoma 51. Nilipoifinya ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama, na mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Siku 9 alikuwa akiambiwa avumilie, kwa kuwa mama mkwe naye alitapika na watoto wake wote wakazaliwa wazima. Asiyebakiza maji kwa saa 24 hasubiri mwezi wa 4.

Asubiri basi mume arudi kutoka kambi ya uvuvi?
Hapana, nasema tena hapana. Mvuvi hurudi mbalamwezi ikianza, na kabla ya hapo figo zinaweza kuwa zimeanza kushindwa na mapigo ya moyo kuvurugika kwa kupungukiwa na madini ya potasiamu. Vitamini B1 nayo huisha, na hapo mama huanza kuyumba, macho kucheza na akili kuchanganyikiwa, madhara ambayo huenda yasiondoke tena. Vitamini hiyo hutolewa kabla ya dripu ya glukosi, na kwa sababu hiyo nawaomba sana wanaowatundikia wajawazito dripu majumbani waache leo.

Nimeambiwa nina bakteria. Ninunue dawa dukani?
Usinunue. Tiba yake huchanganya antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14 hivi, na mojawapo ya antibiotiki hizo, tetrasaiklini, huathiri meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Mara nyingi daktari huiahirisha hadi baada ya kujifungua. Kipimo cha choo ndicho cha kuaminiwa, kwa maana kile cha damu huweza kuonyesha maambukizi ya zamani.

Udongo je?
Hautibu kichefuchefu. Huweza kubeba mayai ya minyoo na huzuia mwili kupata madini ya chuma, nasi tunaendelea kuukuta umefungwa kwenye pindo la kitenge.

Nikiwa na homa pia?
Upimwe malaria siku hiyohiyo, kwani mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini na malaria nayo hutapisha.

Nije na nini?
Kadi ya kliniki, vidonge vyote ulivyokwisha kumeza, hata vya kuazima kwa jirani, na msindikizaji anayejua ulikojoa mara ya mwisho saa ngapi.