Rapa akinyamaza mbele ya kamera

Majuzi tulikuwa tunashuti filamu fupi uani kwa watu, Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kijana mmoja, rapa mzuri ambaye nimemrekodi mwenyewe studio, alikuwa na sentensi nne tu za kumwambia mama yake. Tulirudia mara kumi na moja. Mimi ndiye niliyeshika fimbo ya maiki, na bega bado linanidai.

Sauti anayo, wala hakusahau maneno. Tatizo nililisikia kwenye hedifoni: mama akiwa bado anaongea, jamaa tayari anavuta pumzi. Fyuu! Anasubiri zamu yake kama anayesubiri biti irudi.

"Kaka, mbona mimi kamera nimeizoea? Nina vichupa vitano," akaniambia tulipokaa kunywa chai.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kwenye kichupa, yaani video ya wimbo, sauti yako hairekodiwi. Wimbo ulishakamilika studio, pale unapigwa kwenye spika na wewe unafuatisha. Unaikazia macho kamera na kuinyooshea vidole, maana yeye ndiye mtu unayemchana. Kwenye filamu kamera haipo. Ukiitupia jicho hata mara moja, kipande kimeharibika. Na anayekupa muda wa kuingia si ngoma, ni mwenzako. Mistari 16 ya rapa inajulikana inaishia wapi. Mama anayemgombeza mwanawe hajulikani atamaliza lini.

Nikamtolea mfano wa Ice Cube, rapa wa Marekani aliyegeuka mwigizaji, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunamkumbuka kwa ile sura ya kununa tu, na tunasahau alivyokuwa fundi. Jina lake ni O'Shea Jackson, mzaliwa wa Los Angeles, 1969. Alikuwa mwandishi kabla ya kuwa sura: mashairi mengi ya kundi la rap la N.W.A yalitoka kwenye kalamu yake, na mwishoni mwa 1989 aliondoka kwa sababu ya ugomvi wa pesa. Katikati ya hayo alikwenda Arizona mwaka mzima kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Hilo huwa nalipenda. Mtu anayechora ramani anajua kwamba mlango nao ni sehemu ya nyumba, ingawa ni uwazi.

Mwaka 1991 muongozaji John Singleton alimweka kwenye filamu ya Boyz n the Hood. Tazama kipande chake cha mwisho. Ndugu yake ameuawa, yeye amelipiza, na asubuhi amekaa nje na rafiki yake anaeleza kwamba taarifa ya habari haikumtaja kabisa marehemu. Rapa wa kawaida angepaza sauti hapo. Cube anaishusha. Sauti inabaki kifuani, maneno yanatoka moja moja, na kati yake kuna nafasi ambazo ukiwa fundi sauti unaomba Mungu asipite mtu na pikipiki.

Lakini darasa lenyewe ni filamu ya Friday ya 1995. Aliiandika na DJ Pooh, kwa sababu filamu za mitaa yao zilikuwa zimejaa misiba mitupu, na yeye alikumbuka watu wakicheka pia. Muongozaji alikuwa F. Gary Gray, kijana aliyewahi kumshutia vichupa, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Siku 20 za kushuti, bajeti ya dola milioni 3.5 hivi, na karibu yote inatokea mtaa mmoja, watu wamekaa barazani.

Sasa angalia nani anaongea. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, angeweza kujipa maneno yote. Badala yake vichekesho vingi akampa mchekeshaji Chris Tucker, yeye akajiandikia mtu aliyefukuzwa kazi, amekaa, anasikiliza. Tucker anabwata, kamera inahamia kwa Cube, Cube anageuza shingo polepole na kumtazama. Ukumbi unacheka! Kicheko kile ni chake, na hajasema neno.

(Sisemi kila alichogusa ni dhahabu. Kuna ile ya nyoka mkubwa ya 1997, siitetei.)

Walipotengeneza filamu ya maisha ya N.W.A, 2015, Gray huyohuyo akaongoza, na nafasi ya Cube ikachezwa na mwanawe wa kumzaa. Sura ya baba anayo, lakini nafasi hakupewa kirahisi. Alifanyiwa majaribio na mazoezi kwa miaka.

Basi siku ya pili nikamwomba muongozaji wetu jambo moja: huyu kijana apewe kazi ya mikono. Tukamletea sinia la maharage mabichi ayamenye huku mama akimsema. Na nikamwambia, "Mwanangu, usinijibu mpaka umesikia neno la mwisho la mama, halafu menya ganda moja kwanza."

Akshen. Mama akamwaga yake yote. Kwenye hedifoni nasikia ganda linapasuka, maharage yanadondoka kwenye sinia, ti, ti, ti. Hakuna pumzi ya kuwahi. Dogo akainua macho, akafungua mdomo, na mvua ya Mbeya, bila hodi, ikashuka juu ya bati.