Nyanya Iliyooza Umeshailipia

Bei ya chakula ikipanda, kila mtu hutafuta wa kulaumu: serikali, mafuta, mvua, madalali. Wote wana sehemu yao. Mwaka 2022 pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200 hapa Kenya, ukame ulikuwa umeharibu misimu kadhaa mfululizo, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha ngano, mbolea na mafuta ya kupikia. Julai ya mwaka huo serikali ikatia ruzuku ili pakiti iuzwe shilingi 100, wiki chache kabla ya uchaguzi. Ruzuku haikudumu. Lakini ndani ya bei kuna kitu kingine ambacho taarifa ya habari haikitaji, nami nakiona kila siku kwa kuwa kazi yangu ni kukagua ubora wa chakula madukani. Ni chakula kilichotupwa.

Tuchukue nyanya, kwa tarakimu za mfano tu. Duka linanunua kilo 100 kwa shilingi 80 kila kilo, jumla 8,000. Kilo 15 zinapondeka au zinaoza kabla ya kupata mnunuzi. Zile 85 zilizobaki ndizo zitakazorudisha 8,000, kwa hiyo kila kilo inaanzia shilingi 94 kabla hujagusa kodi ya jengo, stima, mishahara na faida. Hizo shilingi 14 za ziada hazikuletwa na dalali wala ukame. Ni za nyanya zilizo kwenye pipa nyuma ya duka, na aliyezilipia ni wewe uliyepita kaunta. Mwenye duka hakudhulumu. Akipiga hesabu vingine atafunga.

Mbona zioze basi, na watu wanalia njaa? Jibu la kwanza ni rafu iliyojaa. Mteja wa supamaketi hapendi kununua mahali palipopungua. Akikuta vichana vitatu vya ndizi vimebaki anaviona makombo ya wenzake, anaenda zake. Meneja naye anaagizwa rafu ijae mpaka saa ya kufunga, hata tarehe 25 mishahara ikiwa bado. Anaagiza zaidi ya anavyouza, akijua kabisa kwamba sehemu yake itaishia pipani. Mama mboga wa mtaani hana anasa hiyo. Ananunua cha kuuza leo, na sukuma wiki ikianza kulegea saa kumi na moja jioni anakuongezea majani ya bure.

Jibu la pili ni mikono yetu. Simama kando ya parachichi kwa dakika kumi utazame. Kila anayepita anabonyeza kwa kidole gumba, anarudisha, anabonyeza jingine. Likatwe kesho yake utaona ndani madoa meusi, na kila doa ni gumba la mtu. Ukitaka kujua kama limeiva, libebe kwenye kiganja ulikumbatie polepole kwa vidole vyote. Utahisi ulaini wake bila kuliumiza.

Kisha kuna friji ya maziwa. Mhudumu anayeijaza hufundishwa kutanguliza ya zamani: pakiti za leo zinakaa nyuma, za juzi zinasogezwa mbele. Mteja mjanja analijua hilo, anapenyeza mkono hadi kiwiko na kuvuta ya nyuma. Sina ugomvi naye kama anaweka akiba ya wiki. Lakini kama maziwa ni ya chai ya jioni hiyohiyo, hajafaidi chochote, na ile ya mbele imeachwa ihesabu siku zake mpaka itolewe.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni soseji zinazokutwa kwenye rafu ya sabuni. Mtu amechukua, amefika mbele akapiga hesabu ya mfukoni, akazitua popote. Anayezikuta hajui zimekaa nje ya baridi dakika tano au saa nne, na kwa nyama hatubahatishi: zinatupwa. Ukibadili nia, mkabidhi karani wa kaunta. Haoni vibaya, na wala huna haja ya kujieleza.

Mkate na maziwa vina njia yake. Mara nyingi ambavyo havikuuzwa hurudishwa kwa kiwanda, basi duka linajiona halina hasara, na kiwanda kinaitia kwenye bei ya kesho. Kiwanda kikubwa kinahimili. Mtengenezaji mdogo wa yogati, aliyeletewa agizo kubwa kupita uwezo wa rafu kisha akarudishiwa nusu yake, huyo hulala na kilio. Sheria ya Ushindani ya Kenya, kwa marekebisho ya 2019, inahesabu kumtwika msambazaji hasara iliyopaswa kuwa ya mnunuzi kama matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, sawa na kurudisha bidhaa bila sababu ya msingi kinyume cha mkataba. Mdogo anayethubutu kulalamika ni nadra, kwa sababu nafasi ya rafu ndiyo riziki yake. Mimi ningependa duka libebe hasara ya agizo lake lenyewe. Siku itakayoliuma, litaagiza kwa akili.

Sasa tuingie kwenye tarehe, maana hapa ndipo pesa nyingi za nyumbani hupotelea. Kanuni za Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, zilizorekebishwa 2018, zinatenganisha tarehe mbili. Ya kwanza, ile inayoandikwa “best before”, ni ya ubora: mtengenezaji anakuhakikishia ladha na ukakamavu mpaka siku hiyo, kama umehifadhi alivyoelekeza. Baada yake biskuti inaweza kupoteza mlio na majani ya chai yakapoa harufu, lakini chakula chenyewe chaweza kuwa salama kabisa. Ya pili, “use by” au “expiry”, ni ya usalama, na hiyo ikipita hatujadiliani. Tambi, mchele, chumvi, sukari na vyakula vya mkebe huangukia kwenye ya kwanza. Nyama mbichi, samaki na maziwa ya pakiti yaliyopitishwa moto kidogo viko kwenye ya pili.

Nchini Uingereza, mwaka 2022 supamaketi za Morrisons ziliondoa tarehe ya usalama kwenye sehemu kubwa ya maziwa yenye jina lao, zikaweka ya ubora na kuwaambia wateja wanuse. Huko inawezekana, kwa kuwa maziwa yanatoka kiwandani mpaka jikoni bila kuachana na baridi. Hapa kwetu pakiti imepanda bodaboda juani, imekaa kwenye friji iliyozimwa usiku ili kuokoa bili, ndipo ikakufikia. Mimi nisingeiiga hatua hiyo bado.

Tena pua ina mipaka yake. Vijidudu vinavyochachusha maziwa na kuifanya nyama iteleze vinajitangaza kwa harufu. Mara nyingi vile vinavyoua havinuki. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, polony, soseji nene ya kukatwa vipande, yenye bakteria wa listeria iliwaambukiza watu zaidi ya 1,000 na kuwaua zaidi ya 200, na haikuwa na harufu ya kumshtua mtu. Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya 2004, mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu, yalipoua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo unga wenye ukungu, njugu zilizobadilika rangi, mahindi yaliyopata unyevu: hapo usiokoe kitu, wala usiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hurudi kwenye glasi yako.

Na isije ikadhaniwa kwamba kila njia ya kupunguza hasara ni njema. Mwaka 2019 runinga moja ya Nairobi ilionyesha jinsi baadhi ya supamaketi zilivyokuwa zikitia sodiamu metabisalfaiti, kemikali ya kuhifadhi, kwenye nyama ili ibaki nyekundu siku baada ya siku. Hasara ilipungua kweli, kwa gharama ya mlaji. Nyama ya siku ya tatu iliyong'aa kama ya asubuhi inapaswa kukutia shaka, isikufurahishe.

Njia halali ni kushusha bei mapema. Yogati iliyonunuliwa shilingi 100 na duka, ikibakiza siku tatu, ikiuzwa 70 imepoteza 30. Ikitupwa imepoteza 100, na gari la taka lalipwa pia. Hesabu ni nyepesi, lakini nimekaa na mameneja wanaoikataa kwa hofu kwamba wateja wote watazoea kungoja jioni. Nionavyo hofu hiyo imekuzwa: mwenye watoto wa kulisha saa moja usiku hangoji saa tatu. Wewe mteja uliza. Muulize mhudumu wa mkate na wa mboga ni saa ngapi wanabandika bei mpya. Kila tawi lina saa yake, na nyingi ni zile saa mbili za mwisho kabla ya kufunga. Nunua hapo kile utakachopika usiku huo au utakachogandisha ukifika. Yogati sita za bei ya kutupa katika nyumba ya watu wawili ni kuhamisha pipa tu kutoka dukani hadi kwako.

Ufaransa wamefika mbali zaidi. Tangu 2016 sheria yao inazikataza supamaketi zenye zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula kinacholika, na kuzitaka ziwe na mkataba na mashirika yanayogawa chakula. Kwetu, mameneja niliowasikia wanaogopa lawama mtu akiumwa tumbo. Kabla ya kuwabana kwa faini ningeanza kwa kumlinda anayetoa kwa nia njema chakula ambacho tarehe yake haijapita.

Hata hivyo tusizilaumu supamaketi peke yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Maduka yalitupa asilimia 12, hoteli na mikahawa asilimia 28, na majumbani asilimia 60.

Ndiyo maana siwacheki wanaonunua kadogo. Ukipiga hesabu kwa gramu, mafuta ya kipimo ya shilingi 20 ni ghali kuliko chupa ya lita, na kwa bidhaa isiyoharibika maskini anaumizwa kweli. Afadhali majirani watatu wachange wanunue mtungi. Lakini kwa dhania, pilipili hoho na maziwa, kadogo kinachoisha leo ni rahisi kuliko pakiti kubwa unayotupa nusu. “Nunua 2 upate 1” ipeleke kwenye mchele na sabuni, uiepuke kwenye mboga.

Jikoni kwenyewe: sukuma wiki iliyolegea imepungukiwa maji tu. Kata ncha za vikonyo uiloweke kwenye maji baridi nusu saa, itasimama. Ndizi mbivu na parachichi hutoa gesi inayoivisha jirani zake, kwa hiyo ziweke mbali na mboga za majani. Viazi vikae gizani. Vikianza kuwa kijani chonga sehemu hiyo kwa kina, na kikiwa kichungu kitupe. Mkate usiukaushe kwenye friji, kwani baridi hiyo huuchakaza upesi kuliko kabatini; ugandishe vipande uvichome kimoja kimoja. Na kiporo cha wali, ambacho wengi wetu tumekulia kwa chai ya asubuhi, kisilale kwenye sufuria juu ya jiko. Kuna kijidudu kinachostahimili kupikwa, kisha usiku kinatoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa mbili.

Stima ikipotea, acha kufungua kuchungulia. Friji iliyofungwa hulinda chakula kama saa nne. Friza iliyojaa huhimili takriban saa 48, ya nusu saa 24, basi ikiwa yako ina nafasi tupu ijaze chupa za maji. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha upya. Iliyokwisha lainika na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili usiihangaikie.