Huduma za maktaba kwa jamii: maana yake, na kwa nini si za wanafunzi peke yao

Ingia Maktaba ya Mkoa wa Tanga mitihani ikikaribia, utakuta viti vimejaa wanafunzi. Kila mmoja kaja na madaftari yake, mitihani ya miaka ya nyuma iliyotolewa fotokopi, na chupa ya maji. Wanasoma kwa bidii, jioni wanafunga mabegi na kwenda zao, na wengi wao hawajagusa hata kitabu kimoja cha kwenye rafu. Hiyo ndiyo maktaba inayojulikana na watu wengi mjini kwetu. Ukimwambia mama anayeuza samaki Sahare au fundi cherehani wa Ngamiani kwamba maktaba ni yake pia, atakujibu kwa upole, "Mimi shule nilishamaliza, mwanangu."

Dhana yenyewe ni pana kuliko hivyo. Huduma za maktaba kwa jamii ni kazi zote ambazo maktaba ya umma huzifanya kwa ajili ya watu wa eneo lake, wa rika zote na wa kazi zote, ili wapate maarifa wanayoyahitaji maishani mwao. Kuazimisha vitabu ni mojawapo tu. Kumtafutia mvuvi jibu la swali lake ni huduma. Kumsomea hadithi mtoto ambaye bado hajui a wala be ni huduma. Kumwelekeza kijana namna ya kutuma maombi ya kazi kwa kompyuta ni huduma.

Hata kile kiti cha mwanafunzi ni huduma, na naomba tusikidharau. Mtoto anayetoka nyumba ya kupanga, familia nzima chumba kimoja na redio ya jirani inasikika mpaka kitandani, akipata meza, taa na utulivu kwa saa chache amepata kitu ambacho kwao hakipo. Shida inakuja pale jamii inapodhani kwamba hicho ndicho chote, na maktaba nayo ikaridhika kudhaniwa hivyo.

Wakutubi, yaani wataalamu wa kazi za maktaba, hutofautisha huduma na programu. Huduma ipo kila siku mlango ukiwa wazi: meza ya magazeti, kaunta ya kuazimia, chumba cha watoto. Programu hupangwa. Ina siku yake, saa yake, walengwa wake, na kuna jambo inalotaka litokee. Mara nyingi programu nzuri huzaliwa na huduma ya kila siku: mkutubi akiona watu kadhaa katika wiki moja wamekuja kuulizia jambo lilelile, tuseme hati ya kiwanja au ugonjwa wa kuku, anamwalika ofisa anayehusika aje siku moja azungumze nao ana kwa ana, na siku hiyo vitabu na vipeperushi vya jambo hilo vinatandazwa mezani.

Hapa nchini mambo haya yana historia. Jengo la maktaba yetu ya Tanga ni la miaka ya 1950, enzi za ukoloni, likapewa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Baada ya uhuru ikatungwa sheria ya 1963 iliyounda bodi ya kusimamia maktaba za umma nchi nzima, na sheria ya 1975 ndiyo iliyoipa sura ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wakati huo kama theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Ikaja kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, wazee wakakaa darasani jioni baada ya shamba, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Lakini likajitokeza tatizo ambalo mwalimu yeyote wa kisomo alilijua: mtu akijifunza kusoma halafu asipate cha kusoma, baada ya miaka michache anasahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini kwa Kiswahili chepesi. Kwa hiyo wazo la maktaba kumfuata mkulima kijijini kwake lina zaidi ya nusu karne hapa nchini, na lilianza kwa sababu lilihitajika.

Katika huduma zote, inayopuuzwa kuliko nyingine kwa maoni yangu ni huduma ya marejeo, yaani kuuliza swali na kusaidiwa kutafuta jibu. Watu wengi hawajui kabisa kwamba wanaruhusiwa kumwendea mkutubi na swali tu, bila jina la kitabu.

Chukua mfano wa mvuvi wa Mwambani aliyetega jarife, wavu wa samaki wakubwa, usiku, alfajiri akavuta samaki mkubwa mwenye magamba magumu, na mapezi yameota juu ya vikonyo vya nyama. Hajapata kumwona. Anataka kujua ni samaki gani, na pia kama akimuuza atapata matatizo. Mkutubi anayeijua kazi yake hampi kitabu kinene akasome mwenyewe. Kwanza anamhoji: alikuwa kina cha namna gani, unataka kumjua samaki mwenyewe, au unataka kujua sheria inasemaje? Hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayakai rafu moja. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kufuatana na mada na unaotumika katika maktaba zetu za umma, elimu ya samaki iko namba 597, na uvuvi kama kazi uko 639. Upande wa 597 wataona kwamba huyo ni silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga wamenaswa kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu. Kuhusu sheria, atajua kwamba mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na kwamba biashara ya kimataifa ya samaki huyu imepigwa marufuku. Na kama kuna jambo ambalo rafu hazina, mkutubi anamtajia ofisi ya kwenda na aulize nini akifika.

Inawezekana mvuvi huyo hasomi vizuri. Basi mkutubi atamsomea ule ukurasa na kumwonyesha picha. Kazi yake ni mtu apate jibu, na kusoma ni njia mojawapo ya kulifikia. Wakutubi hawa wanasomea kazi hii, na chuo chao hakiko mbali: Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kiko Bagamoyo. Mtu aliyesomea miaka kutafuta maarifa anakaa kaunta, na sisi tunamwendea kumuuliza choo kiko wapi. Inaniuma.

Kwa watoto, programu inayofahamika zaidi ni saa ya hadithi. Pwani hatuhitaji kufundishwa namna ya kuianza. Msimulizi anaita "Paukwa!", watoto wanaitika "Pakawa!", na kabla hajamaliza "paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa" wote wameshasogea mbele. Kinachoifanya kuwa programu ya maktaba na si simulizi ya barazani ni yanayofuata. Msimulizi anashika kitabu, anakigeuza watoto waone picha, anapitisha kidole chini ya mstari anaousoma. Mtoto wa miaka minne anaanza kuelewa kwamba yale maneno matamu yanatoka kwenye zile alama nyeusi, na kwamba kesho akifungua ukurasa uleule atayakuta palepale. Hadithi ikiisha, vitabu vinaachwa juu ya mkeka, jalada juu, mikono ya watoto ivifikie. Hapo ndipo utaona mtoto anachukua kitabu, anakishika juu chini, na "anamsomea" mdogo wake hadithi aliyoisikia sasa hivi. Asiambiwe anakosea. Anajifunza kusoma.

Na msimulizi si lazima awe mfanyakazi wa maktaba. Mji huu una mabibi wanaojua ngano na vitendawili ambavyo havimo katika kitabu chochote. Maktaba ikimwalika bibi mmoja wa Chumbageni kila mwezi, na mtu mmoja akarekodi kwa simu, watoto wamepata hadithi na maktaba imepata kumbukumbu.

Hilo linanifikisha kwenye huduma nyingine ninayoithamini sana, mkusanyo wa mambo ya mahali. Maktaba ya umma haitegemei vitabu vinavyoletwa kutoka makao makuu tu. Inatakiwa itunze yale ambayo yasipotunzwa hapa hayatatunzwa popote. Kwa Tanga, hayo ni mengi. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Reli ya kuelekea Usambara ilianza kujengwa kutoka mji huu mwaka huohuo. Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana hapa. Haya makubwa yameandikwa. Yasiyoandikwa ni maisha ya wakata mkonge kambini, nyimbo zao, ngoma za lelemama, majina ya mitaa kabla hayajabadilishwa, na tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ambazo baadhi ya familia bado zinazo kabatini, zinaliwa na mchwa.

Programu ya kukusanya mambo haya ni rahisi kuiendesha. Wazee wanaalikwa na picha zao za zamani, picha zinapigwa picha kwa simu nzuri au skana, mwenyewe anarudi na picha yake. Kazi yenyewe ni kuuliza: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani, nani alipiga? Maelezo yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwa sababu wino hupenya na kuharibu. Picha isiyo na majina, mzee akishaondoka, hakuna atakayeweza kuieleza.

Kompyuta na intaneti sitazizungumzia sana, umuhimu wake unaonekana. Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana hupanga foleni kwenye steshenari, wanalipia kujaziwa fomu na mtu anayeharakisha apate mteja mwingine. Jina likikosewa herufi moja, usumbufu wake ni wa miezi. Maktaba yenye kompyuta chache na mtu mmoja mwenye subira inaweza kumfundisha kijana ajaze mwenyewe, na mwaka unaofuata amsaidie mdogo wake.

Wapo pia wasioweza kufika au kusoma kitabu cha kawaida. Kwa wasioona kuna vitabu vya nukta nundu na vya kusikiliza, na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unaruhusu vitabu vigeuzwe katika maumbo hayo bila kusubiri idhini ya mwenye haki. Kwa walio mbali kuna maktaba ya sanduku: vitabu vinapakiwa, vinapelekwa shule ya Pangani au Muheza, vinakaa muhula, vinabadilishwa na vingine.

Kuhusu ada, nitasema wazi. Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO na shirikisho la kimataifa la maktaba, toleo la 1994 na la 2022, inasema kwamba kimsingi huduma za maktaba ya umma ziwe bure. Maktaba zetu za mikoa zimezoea kutoza ada ndogo ya uanachama, na naelewa kwamba bajeti ni finyu. Lakini ada iliyo ndogo kwa mwenye mshahara si ndogo kwa mtoto wa muuza mihogo mwenye ndugu watano, na nauli ya daladala bado. Angalau programu za watoto na huduma ya marejeo zisiwe na kiingilio popote.

Ukitaka kuanza, nenda kaunta uulize mambo mawili: kuna programu gani mwezi huu, na utaratibu wa uanachama ukoje. Kwa kawaida utajaza fomu, utatoa picha ndogo na mdhamini. Ukikosa kitabu unachokitaka, usiondoke kimya. Omba ombi lako liandikwe. Maktaba huhesabu walioingia, vitabu vilivyoazimwa na maswali yaliyoulizwa, na hesabu hizo ndizo zinazobebwa kwenda kuombea fedha na vitabu vipya. Wavuvi wakiulizia vitabu vya uvuvi na ikaandikwa, mwenye kuagiza vitabu ana sababu ya kuviagiza. Wasipouliza, Tanga italetewa vitabu vya mitihani tena, kwa kuwa karatasi zote zinaonyesha kwamba wanaokuja ni wanafunzi.