Je, wajua? Mwezi mzuri wa harusi ya ufukweni ni ule wa angani

Mdogo wangu alipoamua kuolewa bila kamati, bila kadi za michango na bila ukumbi, alinipa kazi moja tu: nimtafutie mwezi mzuri. Sahihi wangeweka bomani Dar es Salaam siku ya Ijumaa. Kesho yake yeye, mumewe, mashahidi wawili na mpiga picha wangesimama ufukweni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, wapeane ahadi zao mbele ya bahari. Nikamjibu papo hapo: Februari.

Kwa upande wa mvua sikukosea. Masika huanza mwishoni mwa Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo hubeba mzigo mkubwa. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, tena vuli ni kigeugeu: mwaka 1997, 2019 na 2023 ilifurika. Katikati kuna madirisha mawili. Januari na Februari ni kiangazi cha kaskazi, joto kali na anga safi. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa baridi kidogo, na upepo wa kumpokonya bibi harusi shela. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani.

Siku ya siku ikafika, saa 4 asubuhi, jua zuri, wingu hakuna. Simu ikalia.

"Dada, bahari iko wapi?"

Alinitumia picha. Mbele yao kulikuwa na mchanga, madimbwi, majani ya bahari, mchanga tena, na mbali kabisa, zaidi ya kilomita moja, uzi mweupe wa mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. Nyuma ya maharusi akina mama walikuwa wakipita na magunia ya mwani.

Kosa langu lilikuwa hili. Wiki tatu nyuma, baada ya kupeleka notisi ya ndoa bomani, tulivuka kwenda kukagua mahali. Ilikuwa Jumamosi pia, saa 4 asubuhi vilevile, na maji yalikuwa yamejaa, si sana, lakini miguu ilizama. Nikahitimisha kwamba Jambiani bahari hujaa asubuhi. Niliiona kama ofisi: inafungua saa fulani, inafunga saa fulani. Nilipoumbuliwa nikakimbilia nadharia ya pili, ambayo nimeisikia kwa watu wengi wa bara: kwamba ni kaskazi iliyoyasukuma maji. Nayo si kweli. Upepo na mgandamizo wa hewa huweza kuinua au kushusha bahari kwa sentimita kadhaa, na kwetu, karibu na ikweta, mgandamizo haubadiliki sana. Hakuna upepo wa kawaida unaoondoa kilomita nzima ya bahari asubuhi na kuirudisha jioni.

Anayeondoa ni mwezi, na jua likimsaidia. Hilo tulisoma shuleni, tukalijibu kwenye mtihani, tukalisahau. Ambalo mimi sikuwahi kulielewa ni ratiba yake.

Tazama saa ya ukutani yenye mishale. Mshale mrefu huzunguka na kurudi kwenye 12 kwa dakika 60. Lakini ukitaka umkute mshale mfupi tena, dakika 60 hazitoshi, kwa sababu wakati wewe unazunguka, naye mfupi amejivuta mbele kidogo. Utamkuta baada ya dakika 65 na ushei. Dunia ndiyo mshale mrefu, mwezi ndio mfupi. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, ila mwezi nao umesogea, kwa hiyo ufukwe wa Jambiani huhitaji takriban dakika 50 zaidi ili urudi chini ya mwezi uleule. Maji yaliyojaa leo saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 5, keshokutwa karibu saa 6. Bahari inafika kazini kila siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50.

Sasa mlete jua. Nguvu yake ya kuinua maji ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Fikiria watu wawili wanaovuta kamba, mmoja mzima, mwingine kijana wa nusu nguvu. Wakivuta kwenye mstari mmoja, kitu kinakwenda. Huo ndio mwezi mwandamo na mwezi mpevu: jua, dunia na mwezi vimejipanga, maji yanapanda sana na kushuka sana, na watu wa pwani husema bamvua. (Mwezi mpevu uko upande wa pili wa dunia, mkabala na jua, lakini haidhuru: maji huvimba pande zote mbili za dunia, ndiyo maana kwetu hujaa mara 2 kwa siku.) Kijana akivuta kwa upande, kazi inalegea. Hiyo ni nusu ya mwezi, na maji yake huitwa maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana.

Kutoka hapo linazaliwa jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote. Saa zetu zimefungwa kwenye jua: saa 6 mchana ni pale jua linapokuwa karibu na utosi. Siku ya bamvua mwezi umepanga mstari na jua, kwa hiyo nao hupita utosini au chini ya nyayo zetu mwendo wa saa 6. Maji ya bahari hayaruki papo hapo. Yana mwambao wa kuyazuia, na katika pwani yetu hufikia kilele takriban saa 4 baada ya mwezi kupita. Sita na nne ni kumi. Ndiyo kusema, bamvua ya Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa, iwe Februari au Agosti, hujaa mwendo wa saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa kabisa mwendo wa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu ni kinyume: hujaa saa 4, hupwa saa 10.

Kwa hiyo bahari kweli ina saa za kazi, ila ni kwa zamu, na zamu hubadilika kila wiki.

Hapo ndipo notisi ya ndoa inapoingia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka notisi ya angalau siku 21. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 15 kasoro kidogo, na mzunguko mmoja na nusu ni siku 22. Yaani kanuni ya boma, bila mtu yeyote kukusudia, inakaribia kukuhakikishia kwamba bahari uliyoikagua siku ya notisi itakuwa imegeuka kinyume siku ya ndoa, saa ileile. Sisi tulikagua wakati wa maji mafu, tukafungisha kwenye mwezi mpevu. Mwezi mpevu, tena, nilikuwa nimeuchagua mimi, kwa ajili ya mbalamwezi ya usiku.

Ufukwe nao una neno lake. Maji ya bamvua hushuka kwa mita 3 na nusu hivi, popote kisiwani. Lakini chai ikipungua kidole kimoja ndani ya kikombe, huoni tofauti. Ikipungua hivyo kwenye sinia, sinia limekauka. Kendwa na Nungwi, kaskazini, ni kikombe: ufukwe unateremka haraka, bahari hairudi mbali. Paje na Jambiani ni sinia. Ardhi ikishuka mita 1 tu kwa kila mita 300, mita 3 na nusu za maji huacha wazi zaidi ya kilomita. Zaidi ya hapo, bamvua za karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, ndizo huwa kubwa kuliko zote.

Akina mama wa mwani wanaipangia kazi ratiba hii. Kilimo hicho kimekuwepo Zanzibar tangu 1989, na mashamba hufikiwa bamvua inapopwa. Ukitaka kujua maji, ulizia mwezi ngapi, na hapo hawamaanishi Februari. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anayo jedwali mfukoni: karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua, karibu na 8 na 22 ni maji mafu. Bamvua kubwa yenyewe mara nyingi huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kujaa, kwa hiyo kwa dakika kamili tumia jedwali la bandari. Na kanuni ya saa 10 ni ya pwani yetu tu. Usiende nayo Muscat au London.

Je, mwezi huleta na mvua, kama wengine wanavyodai? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 2016 kwamba mwezi hugusa mvua kweli, lakini kwa takriban asilimia 1. Hiyo haitoshi kuahirisha ndoa.

Kwa hiyo Jambiani, ambako jua huchomoza baharini, asubuhi ya nusu ya mwezi ndiyo yenye maji. Kwa machweo nenda upande wa magharibi, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu: maji yatajaa kati ya saa 11 na saa 12, jua likijiandaa kuzama.

Mdogo wangu na mumewe walirudi Jambiani mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, saa ileile. Kalenda ya mwezi hupungukiwa na siku 11 kila mwaka, kwa hiyo nilipiga hesabu kabla hawajapanda boti, nikawaambia wataikuta bahari iko nusu ya njia, inarudi. Walinitumia picha, wamesimama ndani ya maji ya magoti, bado mbali na minazi. Ile ya mwaka wa kwanza ndiyo iko ukutani kwao, pamoja na magunia ya mwani.