Kumaliza Deni kwa Kiasi Pungufu: Makubaliano Kwanza, Fedha Baadaye

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza, wageni wa mlimani na wa mbugani hupungua, na katika mitaa ya Moshi na Arusha marejesho ya mikopo huanza kuchelewa. Mpagazi, dereva wa watalii, mama anayeuza mitumba katika soko la Memorial, na mwenye duka la vyakula kule Mbauda ambaye wateja wake ni hao hao wapagazi na madereva, wote hudaiwa rejesho la Aprili kwa kipato cha Aprili, ilhali mkopo waliuchukua kwa hesabu za Agosti. Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri hapa Moshi wanaamini kwamba mtu aliyekwama ana njia mbili tu, yaani kulipa deni lote pamoja na faini zake au kuzima simu na kuhama mtaa. Ipo njia ya tatu, nayo ni halali: kupatana na anayekudai ili apokee kiasi pungufu na deni liishe kabisa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 63, inamruhusu mtu aliyeahidiwa jambo kusamehe utekelezaji wa ahadi hiyo, wote au sehemu yake, kuongeza muda wa kuitekeleza, au kupokea badala yake kitu kingine kinachomridhisha. Kwa upande wa deni, maana yake ni kwamba mkopeshaji anayekudai shilingi milioni 3, akikubali kwa hiari yake kupokea milioni 2 ili yaishe, na wewe ukampa, hawezi kurudi mwezi unaofuata kudai ile milioni moja. Si kila nchi iliyo hivyo. Katika sheria ya Uingereza, msimamo uliotokana na kesi ya Pinnel ya mwaka 1602 ni kwamba malipo pungufu peke yake hayafuti deni zima, hata kama mdai alitamka kwamba ameridhika. Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 hadi ilipotunga ya kwake mwaka 1961, na kanuni hii ya kusamehe sehemu ya deni ikaja nayo. Kwa hiyo mdaiwa wa hapa kwetu ana kinga nzuri, ila kinga hiyo inamfaa pale tu anapoweza kuthibitisha kwamba makubaliano yalikuwapo, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Kabla ya kufika kwenye maandishi, ni vizuri kuelewa kinachomfanya mkopeshaji akubali. Hakubali kwa sababu umelia mbele ya meza yake. Anakubali kwa sababu amepiga hesabu. Kesi ina gharama za wakili, ina tarehe zinazoahirishwa, na mwisho wake ni hukumu ambayo bado inahitaji dalali wa mahakama kuitekeleza. Hata akifika huko, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kinazuia kukamatwa kwa nguo, matandiko na vyombo vya kupikia vya lazima, zana za fundi, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, ikiwa hakuiweka rehani. Kwa benki kuna sababu nyingine: mkopo uliochelewa siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha za kufidia hasara inayoweza kutokea. Ndiyo maana ofisa mikopo aliyekataa kukusikiliza mwezi wa kwanza anaweza kukuita mwenyewe mwezi wa sita. Lakini simshauri mtu yeyote kuacha kulipa makusudi ili asubiri punguzo, maana katika muda huo faini hukua na kumbukumbu zake za mikopo huchafuka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara amekopa shilingi milioni 3 kwa miezi 10, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mkopo wote, ambayo ni shilingi 105,000 kila mwezi. Rejesho lake ni shilingi 405,000. Amelipa marejesho manne, jumla shilingi 1,620,000, kisha akakwama, na baada ya miezi kadhaa anaambiwa kwamba deni pamoja na faini limefika tena milioni 3. Akivunjika moyo ataona kwamba amerudi alikoanzia. Akiomba taarifa ya mkopo na kuichambua, ataona kwamba mtaji uliobaki ni 1,800,000, riba ni 630,000, na faini ni 570,000. Sasa ana la kusema. Akileta 1,900,000 kwa mkupuo, mkopeshaji atakuwa amepokea jumla ya 3,520,000 kwa mkopo wa milioni 3, hajapoteza mtaji wake hata shilingi, na amebakiwa na faida. Ofa ya namna hii inazungumzika. Ofa ya laki nne kwa deni hilo hilo, bila maelezo yoyote, itatafsiriwa kama dharau.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mazungumzo ni kuyatenganisha mafungu hayo matatu, kwa sababu wakopeshaji wengi husamehe faini kwa urahisi, riba kwa shida, na mtaji kwa nadra sana. Kanuni ya pili ni kwenda ukiwa na fedha, au ukiwa na uhakika wa tarehe ya kuzipata. Mtu wa mlima azungumze Septemba, mkulima wa kahawa azungumze anapouza mavuno, si wakati ambao anachoweza kutoa ni ahadi tu. Na fedha hizo zisitoke kwenye kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kali. Nimeona familia zikimaliza deni la taasisi yenye leseni kwa mkopo wa mtaani wenye riba ya wiki, na ndani ya miezi michache zikawa zinatafuta punguzo la deni baya kuliko lile la kwanza.

Wadai nao hawafanani. Kampuni ya mikopo au mkopeshaji binafsi mwenye leseni ya Benki Kuu yuko katika daraja la pili, yaani la wakopeshaji wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mara nyingi meneja wake ana mamlaka ya kusamehe faini. SACCOS ni jambo tofauti, kwa sababu fedha zile ni akiba za wanachama wenzako, na mwenyekiti hawezi kukusamehe kwa mdomo akiwa barabarani. Ombi liandikwe kwa bodi, na mara nyingi kitakachopatikana ni kuongezewa muda, kuondolewa adhabu, au kukatwa akiba yako kufidia deni. Katika VICOBA uamuzi ni wa mkutano wa kikundi na uingie kwenye kitabu cha kumbukumbu. Kwa jirani au ndugu anayekudai, wakae mashahidi wa pande zote mbili, na ofisa mtendaji wa mtaa akiwapo ni bora zaidi.

Sasa nije kwenye maandishi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo hili lote. Usitoe fedha kwanza ukitumaini kwamba barua itafuata. Ukitoa 1,900,000 kabla ya kuandikishana, risiti utakayopewa itasomeka kama rejesho la kawaida, mfumo wa mkopeshaji utakata faini na riba kabla ya kugusa mtaji, na ofisa uliyezungumza naye akihamishiwa tawi la Babati hakuna atakayekumbuka mliyosema. Hati ya makubaliano itaje majina kamili ya pande zote, namba na tarehe ya mkataba wa mkopo, kiasi kinachodaiwa hadi siku hiyo, kiasi kilichokubaliwa, tarehe ya mwisho na njia ya kulipa. Kisha iwe na sentensi isiyo na utata inayosema kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote la mkataba huo, yaani mtaji, riba, faini na gharama, na kwamba mkopeshaji hatakuwa na madai mengine yoyote kutokana nao. Maneno kama “tumepokea sehemu ya deni” au “mteja amepunguziwa” hayatoshi. Hati isainiwe na mtu mwenye mamlaka, igongwe muhuri wa taasisi, na ilipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu hati inayotakiwa kulipiwa ushuru huo na haikulipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani. Malipo yapite benki au kwenye namba ya malipo ya kampuni, kamwe yasiende kwenye simu binafsi ya ofisa. Kama mmekubaliana kulipa kwa awamu, soma kwa makini kinachosemwa kuhusu kuchelewa awamu moja, maana mikataba mingi inarudisha deni lote la awali siku hiyo hiyo.

Wapo wadhamini ambao husahaulika katika mazungumzo haya. Kwa kawaida, Sheria ya Mikataba inamwachilia mdhamini pale mdai anapopatana na mdaiwa kuhusu deni bila ridhaa ya mdhamini, lakini fomu nyingi za mikopo zina kifungu kinachoiondoa kinga hiyo. Ndiyo sababu hati yenu itamke wazi kwamba na wadhamini wameachiliwa. La sivyo utatembea ukijua umemaliza, kumbe shemeji yako aliyeweka saini anafuatwa kwa kile ulichosamehewa.

Deni lenye dhamana ya nyumba au kiwanja lina uzito wake, kwa sababu mkopeshaji mwenye rehani iliyosajiliwa anaweza kuuza bila kwenda mahakamani. Hata hivyo Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka atoe kwanza ilani ya siku 60, na anapouza inambebesha wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana kwa wakati huo. Siku hizo 60 ndizo za kuzungumza, na yule anayeiweka ilani kabatini bila kuisoma anazipoteza. Kama nyumba ni ya familia, mwenzi wako ashirikishwe tangu kikao cha kwanza. Pengine kuuza wenyewe kwa ridhaa ya mkopeshaji, bila haraka ya mnada, kutawaachia kitu mkononi baada ya deni kulipwa.

Kuna tahadhari moja kuhusu madeni ya zamani. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Mtu anayefuatwa kwa deni la miaka mingi, akilipa kidogo au akisaini barua ya kukiri deni kabla muda huo haujaisha, anaufanya uanze kuhesabiwa upya. Asaini baada ya kupata ushauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Kufunguliwa kesi hakufungi mlango wa mapatano. Mkiafikiana wakati shauri linaendelea, peleka makubaliano mahakamani yasajiliwe na kuwa amri ya mahakama, ambayo ina nguvu kuliko karatasi ya kawaida. Hata baada ya hukumu, mdaiwa anaweza kuomba alipe kwa awamu. Na kushindwa kulipa mkopo peke yake si kosa la jinai: mtu anayetishia kukuweka mahabusu kesho asubuhi kwa rejesho lililochelewa anatumia hofu yako. Kifungo cha madai kipo, lakini hutolewa na mahakama baada ya hukumu na baada ya mdaiwa kusikilizwa.

Mikopo ya kwenye simu imeleta aibu ya aina mpya, pale mkopeshaji anapowatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Anayesambaziwa taarifa zake ana pa kulalamika, kwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nawasihi pia wasomaji wajihadhari na watu wanaojitangaza kwamba watakupunguzia deni ukiwalipa asilimia fulani mapema. Mdaiwa ana haki ya kuzungumza na mkopeshaji wake mwenyewe, na barua ya ombi la punguzo haihitaji dalali.

Ukishalipa, kazi haijaisha. Chukua barua ya kumaliza deni siku hiyo hiyo, dai hati ya kiwanja, kadi ya gari au kadi ya benki iliyokuwa imeshikiliwa, na kama namba ya siri ilijulikana, ibadilishe. Rehani iliyosajiliwa ifutwe katika ofisi ya msajili wa hati, kwa sababu kurudishiwa karatasi hakuondoi jina la mkopeshaji kwenye daftari. Baada ya miezi michache omba ripoti yako kutoka kampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu, uone kama mkopo umeandikwa kuwa umefungwa. Ukikuta bado unaonekana kudaiwa, andika malalamiko kwa mkopeshaji, ambatisha nakala ya makubaliano na risiti ya benki, na asiporekebisha peleka malalamiko hayo hayo Benki Kuu.