Handisheki ndiyo iliyomzaa hasla

Siasa za kipopulisti, za mtu anayejiita sauti ya wananchi dhidi ya vigogo, zikitajwa, wengi hukimbilia kumtazama msemaji: ulimi wake, ahadi zake, umati unaomshangilia. Kazi yangu ni kuchunguza mabunge, kwa hiyo mimi huanzia kwingine. Huuliza, wakati watu wanamshangilia yule bwana juu ya gari, ni nani anayewasemea bungeni? Ukikuta kwamba hakuna, umeshapata nusu ya maelezo. Kwa hili sijui mfano ulio wazi kuliko Kenya.

Rudi Machi 9, 2018. Mwaka uliotangulia Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa Agosti, Raila Odinga akasusia marudio ya Oktoba, na mwishoni mwa Januari akala kiapo Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Nchi ilikuwa pabaya. Siku hiyo ya Machi yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakapeana mikono mbele ya Harambee House, tukio lililoitwa handisheki, na joto likashuka. Sitawabeza waliofurahi; nilifurahi pia. Lakini amani ile ilikuwa na bei, na bei yenyewe ililipwa bungeni. Kufikia Septemba mwaka huo Rais alipendekeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 8 kwenye mafuta, na viongozi wa Jubilee, chama cha Kenyatta, na wa ODM, chama cha Odinga, wote wakawataka wabunge wao wakubali. Wabunge walipiga kelele hadi ukumbi ukawa kama soko, ushuru ukapita. Mwenye bodaboda aliyechukia ushuru ule angemwendea nani? Serikali ilikuwa imeutaka na upinzani ulikuwa umeuunga mkono.

Hasira isiyo na kiti bungeni haipotei. Hukaa ikimngoja mtu wa kuipa jina. Akatokea William Ruto, Naibu Rais tangu 2013, mtu aliyekuwa ndani ya serikali ileile, akajitangaza kuwa yuko nje. Alisimulia alivyouza kuku kwenye kivuko cha reli akiwa kijana, akagawa wilbaro, na akaifanya kuwa nembo ya chama chake cha UDA. Nchi akaikata mapande mawili: mahasla, yaani watu wanaohangaika kutafuta riziki, upande huu, watoto wa vigogo upande ule. Wasomi wenzangu walicheka wakisema naibu rais hawezi kuwa hasla. Nadhani hawakuielewa hoja. Mama mboga hakuhitaji kuamini kwamba Ruto ni maskini. Alihitaji tu kuona kwamba Kenyatta na Odinga, wana wa rais wa kwanza na wa makamu wake wa kwanza, wamekaa meza moja, na kwamba huyu wamemfungia mlango. Hilo lilikuwa kweli tupu.

Hapa ndipo siasa hizi zinapokuwa hatari, na si kwa sababu ya uongo. Malalamiko huwa ya haki. Hila iko kwenye hatua inayofuata, pale anayewasemea baadhi ya watu anapojiita sauti ya watu wote. Agosti 2022 Ruto alipata kura 7,176,141, asilimia 50.49 ya kura halali. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22. Yaani "wananchi" waliosema walikuwa chini ya theluthi moja ya daftari. Ushindi ni ushindi, na Mahakama ya Juu iliuthibitisha Septemba 5. Ila kushinda ni jambo moja, na kudai kwamba anayekupinga anawapinga wananchi ni jingine.

Sasa tuziangalie shilingi. Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo ya simu, ilizinduliwa Novemba 30, 2022. Mama mboga anayeanza na mkopo wa shilingi 500 hukatwa asilimia 5 ya akiba, kwa hiyo simu yake inapokea 475. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni siku 14, hivyo riba yenyewe haifiki hata shilingi 2. Ukilinganisha na mikopo mingine ya simu, ni nafuu kubwa; tusikatae. Lakini 475 ni nusu debe la nini, jamani? Halafu fuata shilingi zikitoka upande wa pili. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 kwenye mshahara. Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilipita shilingi 217. Mwendesha bodaboda aliyeitwa hasla jukwaani alikuwa akiulipa ushuru huo kila alipofungua tangi. Watu wakamtafutia Rais jina la mtoza ushuru wa kwenye Biblia: Zakayo.

Je, alidanganya kwenye kampeni? Sina haja ya kumwita mwongo. Deni lilikuwepo, na Eurobondi (mkopo wa serikali kutoka masoko ya nje) ya dola bilioni 2 ilikuwa inaiva Juni 2024, awe amechaguliwa yeye au Odinga. Udhaifu wa demokrasia ninaouona hapa ni huu: karatasi ya kura ina majina na picha, haina ratiba ya madeni. Mgombea anayesema "nitawainua" na anayesema "tuna deni, tutabanana" wanapigiwa kura kwa bei sawa, na wa kwanza atashinda. Chombo kilichowekwa kulirekebisha hilo baada ya uchaguzi ni bunge, mahali ambapo ahadi inakutanishwa na hesabu na mtu mwenye sauti anauliza nani atalipa.

Lakini bunge lilikuwa limeshatulizwa. Baada ya uchaguzi muungano wa Azimio, wa Odinga, ulikuwa na wabunge wengi kidogo. Kabla miezi miwili haijapita, vyama vidogo vilihama, na Spika Moses Wetang'ula akatangaza Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, kuwa upande wa wengi. Mahakama Kuu ilikuja kusema alikosea, lakini hiyo ilikuwa Februari 2025. Bajeti zilikuwa zimepita kitambo. Na mbunge anahama kwa nini? Si lazima kwa bahasha. Jimboni kwake anapimwa kwa basari na madarasa ya NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya jimbo), barabara na nguzo za stima. Hakuna mpiga kura anayemuuliza alivyopiga kura kwenye kifungu cha VAT. Basi mbunge mwenye akili anakaa karibu na anayetoa pesa. Katika hili sisi wapiga kura tuna mkono wetu.

Matokeo yake yalionekana Juni 2024. Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346. Ulitaka VAT kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa magari. Wananchi walikuwa wametoa maoni mbele ya kamati kama katiba inavyotaka, lakini ilikuwa hadi Juni 18, vijana walipojaa barabarani Nairobi, ndipo kamati ikatangaza kuondoa mkate na magari. Linganisha tarehe hizo na utajua ni mlango upi ulisikilizwa. Juni 20, wabunge 204 waliunga mkono, 115 wakapinga. Juni 25, kwenye kura ya mwisho, ikawa 195 kwa 106, na alasiri ileile waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge na risasi zikafyatuliwa. Siku iliyofuata Rais akasema hatatia saini. Watu walioahidiwa kwamba sauti yao imefika Ikulu walilazimika kuipeleka wenyewe kwa miguu, na zaidi ya 60 waliuawa katika maandamano ya mwaka huo.

Nikiwatajia wenzangu wa Ulaya habari hizi huniuliza kuhusu Hungaria, ambako mwaka 2010 chama cha Viktor Orbán kilipata takriban asilimia 53 ya kura, kikapata theluthi mbili ya viti, na mwaka uliofuata kikaandika katiba mpya peke yake. Kwetu hilo lilishindikana. BBI, mradi wa kubadilisha katiba uliotokana na handisheki, uliangushwa na mahakama ngazi zote tatu, mwisho Machi 31, 2022. Majaji wetu wamesimama. Ila majaji hawawezi kuuliza swali la bajeti kabla haijapita. Hiyo si kazi yao.

Na baada ya vijana kuzikwa, dawa iliyoletwa ilikuwa ileile ya 2018. Julai 2024 Rais aliteua vigogo wa ODM kwenye baraza la mawaziri, na Machi 7, 2025 UDA na ODM wakatia saini mkataba wa kushirikiana. Miongoni mwa walioteuliwa alikuwa John Mbadi, ambaye hadi hapo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, kamati inayowaita maafisa wa serikali waeleze fedha zimetumikaje. Alipewa wizara ya Hazina ya Kitaifa.