Kwa nini daraja kubwa la kwanza la chuma liliungwa kama kazi ya seremala?

Iron Bridge, linalovuka mto Severn huko Shropshire, Uingereza, ndilo daraja kubwa la kwanza duniani lililojengwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mbavu zake, yaani vyuma vilivyopinda vinavyobeba barabara, zilisimamishwa mwaka 1779, na barabara ikafunguliwa tarehe 1 Januari 1781. Mchoro ulikuwa wa Thomas Farnolls Pritchard, aliyefariki 1777 kabla ya kuliona likisimama. Aliyesubu chuma na kulijenga ni Abraham Darby wa Tatu.

Ajabu yake iko kwenye viungo. Ulimi wa kipande kimoja umechomekwa kwenye tundu la kingine, mikia iliyotanuka imelala ndani ya mapengo yake, na kabari zimegongomewa ili kukaza. Ndivyo milango na meza zinavyoungwa.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba wajenzi hawakukijua chuma, basi wakaiga mbao bila kufikiri. Pritchard kweli alianzia kwenye useremala, na hapakuwa na daraja la namna hiyo la kuigwa. Lakini tanuri za ukoo wa Darby zilikuwa zikiyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, tangu 1709, na kiwanda chao kilisubu hata silinda za mashine za mvuke. Ni vigumu kutaja watu wa enzi ile waliokifahamu chuma kuliko hao. Wapo pia wanaodai kwamba daraja halikuwa na bolti hata moja. Si kweli: kileleni, pale nusu mbili za kila ubavu zinapokutana, zilifungwa kwa bolti. Bolti walikuwa nazo, ila sehemu nyingine hazikuzihitaji.

Sababu imo katika tabia ya chuma chenyewe. Chukua kipande cha chaki, ukisimamishe wima mezani na kukikandamiza kwa kidole gumba: kitavumilia. Sasa kishike ncha zote mbili ukikunje. Kinakatika papo hapo, na ufa unaanzia upande wa nje wa mkunjo, ule unaovutwa. Chuma cha kusubu kina udhaifu huohuo. Kaboni iliyomo ni nyingi, nayo hujitenga ndani yake kuwa vipande vyembamba vya grafiti, kaboni laini kama ya kiini cha penseli. Chuma kikikandamizwa, vipande hivyo hubanwa tu; kikivutwa, kila kimoja huwa ufa uliokwisha kuanza. Boriti ya chuma hiki iliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo ingevutwa upande wake wa chini, mahali pabaya kabisa.

Tao huondoa sehemu kubwa ya mvuto huo. Uzito wa barabara hushuka kwa kufuata mbavu hadi kwenye kuta za mawe ukingoni, na njia nzima vipande vinasukumana. Kiungo kinachosukumwa hakina kazi ya kuzuia vipande visiachane. Kinachotakiwa ni visiteleze, na ulimi na kabari vinatosha. Isitoshe, vipande vilivyokusudiwa kufanana vilitofautiana hata kwa sentimita kadhaa. Matundu ya bolti yasingelingana, lakini kabari huziba pengo lolote inalolikuta.

Hayo yanaeleza kwa nini viungo vilifaa. Hayathibitishi kwamba Darby alipiga hesabu hizo. Chuma chenyewe kinadokeza kwamba alijihami: zaidi ya tani 370 kwa tao la mita 30 hivi. Mwaka 1796, mwendo mfupi kuelekea chanzo cha mto huo, mhandisi Thomas Telford alikamilisha daraja la Buildwas, tao la karibu mita 40, kwa chuma kisichofika nusu ya hicho.

Hata hivyo, daraja la Telford lilizaliwa na mafuriko ya Februari 1795, yaliyolisomba daraja la mawe la Buildwas na kuharibu mengine kwenye Severn. Iron Bridge lilibaki zima, maji yakipita katikati ya mbavu zake.

Adui wake mkubwa amekuwa ardhi. Kingo za bonde huteleza polepole kuelekea mtoni, zikilibana tao na kusukuma kilele chake juu. Magari yalizuiwa mwaka 1934. Katika miaka ya 1970 wahandisi walijenga kizuizi cha zege chini ya mto, kati ya kuta mbili za ukingoni, ili zisiendelee kusogeleana.